Je, pampu ya pili itatupa maji kwa asilimia 99 ya siku? Naomba msaada wa hesabu

KatibuWaMaji (Kisumu)

Hamjambo wanajukwaa. Mimi ni katibu wa kamati ya mradi wa maji katika kijiji kilicho ufuoni mwa Ghuba ya Winam, na ninaleta hapa hesabu ambayo imetugawanya kwa mikutano mitatu mfululizo. Mradi wetu huvuta maji ziwani kwa pampu moja ya stima, maji yakapanda kwa bomba hadi kwenye tangi lililo kilimani, kisha yakateremka yenyewe hadi kwenye vioski vinne. Pampu imetusumbua mwaka huu, na mwanakandarasi aliyetutembelea ameshauri tununue nyingine ya aina ile ile, iwekwe kando ya hii. Hoja yake ni kwamba pampu moja huwa nzima siku 90 katika kila siku 100, kwa hiyo uwezekano wa zote mbili kuharibika siku moja ni 0.1 mara 0.1, yaani 0.01. Kwa maneno yake, wananchi watapata maji kwa asilimia 99 ya siku zote.

Wengi katika kamati wamekubali, na fedha za kununua pampu hiyo ni akiba yetu yote. Mimi ninasita. Nimeketi na daftari la mhudumu wa pampu, ambamo kila siku huandikwa kilichofanya kazi na kilichokwama, nikapata kumbukumbu kamili za siku 250. Stima ilikuwepo siku 235. Chujio la kunyonyea maji lilikuwa wazi siku 240, na siku 10 lilizibwa na gugumaji. Pampu ilikuwa nzima siku 225, ambazo kweli ni asilimia 90 kama alivyosema mwanakandarasi. Bomba la kupandisha lilikuwa zima siku 245.

Naomba anayejua uwezekano katika hisabati anieleze: je, hesabu ya mwanakandarasi ni sahihi? Na kama ina kasoro, kasoro yenyewe iko wapi, ili niweze kuieleza mbele ya wazee bila kuonekana kwamba ninampinga mtu?

MwalimuWaHesabu (Njoro, Nakuru)

Ndugu Katibu, umefanya jambo la maana kuanzia kwenye daftari. Hesabu ya mwanakandarasi si ya uongo, ila inajibu swali dogo kuliko lile mnalouliza. Yeye amehesabu uwezekano wa kuwa na angalau pampu moja nzima, lakini mwananchi aliyesimama kioskini na mtungi wake hahitaji pampu nzima tu. Anahitaji stima iwepo, na chujio liwe wazi, na pampu iwe nzima, na bomba liwe zima, vyote kwa pamoja. Neno "na" katika sentensi hiyo ndilo linalotuongoza: mahali ambapo kila sehemu lazima ifanye kazi, tunasema sehemu hizo zimepangwa kwa mfuatano, na ikiwa hazitegemeani, uwezekano wa mfumo mzima kufanya kazi ni zao la uwezekano wa kila sehemu.

Kwa takwimu zako, stima ni 0.94, chujio 0.96, pampu 0.90 na bomba 0.98. Ukizidisha zote unapata takriban 0.796. Tazama kwamba jibu ni dogo kuliko sehemu iliyo dhaifu kuliko zote. Watu wengi hudhani kwamba mnyororo una nguvu sawa na pingili yake dhaifu, lakini katika uwezekano mnyororo huwa dhaifu kuliko hata pingili hiyo, kwa sababu kila pingili huongeza nafasi yake ya kukatika. Kanuni hii ya kuzidisha huitwa kwa jina la Robert Lusser, mhandisi Mjerumani, kutokana na kazi ya makombora wakati wa Vita Vikuu vya Pili.

Sasa tuweke pampu ya pili. Hapa neno linalotuongoza ni "au": pampu ya kwanza au ya pili ikiwa nzima, inatosha. Sehemu za namna hiyo ziko sambamba, na tunazidisha uwezekano wa kuharibika badala ya uwezekano wa kufanya kazi, kisha tunatoa katika 1. Ndivyo mwanakandarasi alivyopata 0.99. Lakini hiyo 0.99 lazima irudishwe kwenye mfuatano, mahali pa ile 0.90: 0.94 mara 0.96 mara 0.99 mara 0.98 ni takriban 0.876. Katika siku 250, mtakuwa na siku 219 za maji badala ya 199 zinazotabiriwa kwa pampu moja. Ni faida ya siku 20, wala si ya kudharau, lakini si asilimia 99.

Kuna jambo moja zaidi ambalo ningeliandika ubaoni mbele ya wazee. Tuseme mmepata pampu isiyoharibika kamwe, yenye uwezekano wa 1. Mfumo utafika 0.884 tu, kwa maana stima, chujio na bomba bado viko palepale. Kwa hiyo hata mkinunua pampu ya tatu, ya nne na ya kumi, mtaongeza siku 2 tu juu ya zile 219, na hapo mtakuwa mmefika darini. Pesa inayomwagwa kwenye sehemu moja ya mfuatano hugota mahali ambapo sehemu nyingine zimeishia.

Hata hivyo, nimesema mara moja "ikiwa hazitegemeani", na sharti hilo ndilo linalobeba hesabu yote. Kabla hujaitumia, rudi kwenye daftari uangalie mambo mawili. Kwanza, hesabu moja kwa moja ni siku ngapi maji yalifika tangini, bila kuzidisha chochote. Pili, soma sababu ya kila kuharibika kwa pampu.

FundiWaStima (Kakamega)

Mwalimu amegusa pale ninapotaka kuanzia. Mimi ni fundi wa umeme na nimehudumia majenereta kwa miaka mingi, na nimeona sharti hilo la kutotegemeana likivunjika mbele ya macho yangu.

Katika kituo kimoja cha afya nilichowahi kuhudumia palikuwa na majenereta mawili, na kila mtu aliamini kwamba giza haliwezi kutupata. Usiku mmoja wa mvua radi iliangusha laini. Jenereta la kwanza liliwaka, likaunguruma kama dakika nne, likaanza kukohoa, likazima. Tukawasha la pili, nalo likafanya vivyo hivyo. Nilifungua kikombe cha kioo kilicho chini ya chujio la dizeli nikakipeleka kwenye mwanga wa tochi: chini palikuwa na maji ya rangi ya chai, kama robo ya kikombe, na juu yake dizeli. Nikafungua cha jenereta la pili nikakuta maji yale yale. Yote mawili yalikuwa yakinywa kutoka tangi moja, na mfuniko wa tangi ulikuwa umepasuka ufa mdogo ambao mvua iliupata kabla yetu. Kwenye karatasi tulikuwa na mashine mbili zilizo sambamba. Kwa kweli tulikuwa na tangi moja.

Wakenya wote wana mfano mkubwa zaidi. Tarehe 7 Juni 2016, tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru, kwenye Mto Tana. Transfoma ilijizima, mashine nyingine zikazidiwa na mzigo, kituo kikapoteza zaidi ya megawati 180, na nchi nzima ikaingia gizani. Mtu angehesabu uwezekano wa mitambo yote ya nchi kuzimika siku moja kwa kuzidisha uwezekano wa kila mmoja, angepata nambari ndogo isiyosomeka. Lakini mitambo hiyo ilikuwa imefungwa kamba moja, na kuanguka kwa mmoja kuliwaongezea wengine mzigo.

Ndugu Katibu, pampu zenu mbili zitanyonya kupitia chujio moja, zitakula stima ya waya mmoja, na zitakaa katika kibanda kimoja. Jambo la kwanza ninalolihofia huku magharibi ni kukosekana kwa fezi moja, yaani mkondo mmoja kati ya mitatu ya stima inayoendesha mota. Mota ya fezi tatu ikipoteza fezi moja haizimi papo hapo. Huendelea kuzunguka kwa shida, ikivuta mkondo mkubwa kupita kiasi katika koili zilizosalia, na ukifika pale utasikia mlio mzito kama wa nyuki na harufu ya vanishi iliyoungua. Ikiwa pampu ya kwanza imeungua kwa njia hiyo na mhudumu akakimbilia kuwasha ya pili kwenye stima ile ile, ataunguza na ya pili. Soma daftari lako kwa makini uone kama hilo limewahi kutokea.

KatibuWaMaji (Kisumu)

Nawashukuru sana Mwalimu na Fundi. Nimelisoma daftari ukurasa kwa ukurasa jana jioni pamoja na mhudumu mwenyewe, na tumepata mambo ambayo sikuyatarajia.

Zile siku 25 za pampu mbovu hazikuwa mara 25 za kuharibika. Pampu iliharibika mara tatu tu. Mara ya kwanza sili, yaani kizuizi cha maji yasivuje, ilikatika baada ya maji ya matope ya msimu wa mvua, na tulikaa siku 8, karibu zote tukisubiri sili iletwe. Mara ya pili koili za mota ziliungua, na mhudumu ameandika kwa mkono wake: "fezi moja haikuwepo tangu alfajiri." Hizo zilikuwa siku 10. Mara ya tatu ilikuwa beringi, siku 7, na hapo pia kazi ya fundi ilikuwa ya nusu siku, zilizobaki zilikuwa za kusubiri.

Pia nimehesabu siku ambazo maji yalifika tangini kweli. Ni 207, wakati kuzidisha kulitupa 199. Je, nimekosea mahali? Na kuna jambo jingine: baadhi ya wanakamati wanapendekeza paneli za sola ziwe msaada wa stima. Katika siku 15 ambazo stima haikuwepo, mhudumu ameandika mvua au mawingu mazito kwa siku 9.

MwalimuWaHesabu (Njoro, Nakuru)

Hujakosea, na tofauti hiyo ya 207 na 199 ina funzo. Ukijumlisha siku mbovu za kila sehemu unapata 15 na 10 na 25 na 5, yaani 55, lakini siku zisizo na maji ni 43 tu. Maana yake ni kwamba mara kadhaa hitilafu mbili ziliangukia siku moja, na zaidi ya vile bahati peke yake ingeleta. Dhoruba ile ile inayoangusha laini ya stima ndiyo inayosukuma gugumaji hadi kwenye chujio. Katika mfuatano, kutegemeana kwa namna hiyo hutusaidia kwa njia ya ajabu: siku ambayo tayari imeharibika kwa kukosa stima haiharibiki mara ya pili kwa chujio kuziba, kwa hiyo hitilafu zikijirundika, siku nzuri huongezeka. Katika sehemu zilizo sambamba mambo hugeuka, kwa sababu pale tunategemea kwamba moja ikianguka nyingine itakuwa imesimama, na hitilafu zinazokuja pamoja ndizo hasa zinazotunyima msaada huo. Kwa hiyo kuzidisha bila kuangalia hutuogopesha kupita kiasi kwenye mfuatano, na kutufariji kupita kiasi kwenye sambamba. Mwanakandarasi amejifariji.

Turudi kwenye pampu mbili, tukitumia sababu ulizozipata. Siku 10 za fezi ni hitilafu ambayo ingeziangusha pampu zote mbili, na uwezekano wake ni 10 kwa 250, yaani 0.04. Katika siku 240 zilizosalia, pampu iliharibika kwa sababu zake yenyewe siku 15, ambayo ni 0.0625. Kwa hiyo uwezekano wa pampu zote mbili kukosekana ni 0.04, kuongeza 0.96 mara 0.0625 mara 0.0625. Sehemu hiyo ya mwisho ni 0.00375 tu. Jumla ni takriban 0.044, na jozi ya pampu inakuwa na 0.956 badala ya 0.99. Tazama kilichotawala: karibu uwezekano wote wa kukosekana umetoka kwenye ile 0.04 ya pamoja. Ukirudisha 0.956 kwenye mfuatano, mfumo unapata takriban 0.846, yaani siku 211 badala ya 219.

Sasa linganisha na njia nyingine. Tuseme mnabaki na pampu hii moja, mnaweka kifaa cha kulinda mota ambacho huizima fezi ikikosekana, na mnanunua sili na seti ya beringi mkaziweka kabatini. Siku 10 za koili zinakuwa labda siku 1 ya kusubiri fezi irudi, na yale matengenezo mawili ya siku 8 na siku 7 yanakuwa ya siku 2 kila moja. Pampu itakosekana siku 5 katika 250, kwa hiyo kiwango chake ni 0.98, na mfumo ni takriban 0.867, sawa na siku 217. Hii inapita pampu mbili zisizolindwa, na inakaribia sana zile 219 ambazo pampu ya pili ingetoa kama hitilafu zisingetegemeana hata kidogo. Ninakiri kwamba hata mimi sikuliona hili mpaka ulipoandika ile habari ya kusubiri sili. Wahandisi hutenganisha mambo mawili hapa: mashine hukaa muda gani kabla ya kuharibika, na huchukua muda gani kurudi kazini. Sehemu ya siku ambazo iko kazini ni muda wa kwanza ugawanywe kwa jumla ya yote mawili, na mara nyingi muda wa pili ndio ulio rahisi kupunguza.

Kuhusu sola, usiikadirie kana kwamba jua halijui habari za stima. Swali sahihi si "sola hufanya kazi siku ngapi kwa mwaka?" bali "katika siku ambazo stima haipo, sola hufanya kazi siku ngapi?" Daftari lako linajibu: 6 kati ya 15. Kwa hiyo chanzo cha nguvu kinapanda kutoka 0.94 hadi 241 kwa 250, yaani 0.964. Kama mngedhani kwamba sola hutosha siku 8 katika kila 10 bila kujali stima, mngepata 0.988 na kujiahidi kitu kisichokuwepo.

Nambari hizi zimetoka kwenye siku 250 na kuharibika mara tatu, kwa hiyo zitumie kupanga lipi litangulie. Usiahidi mtu yeyote kwamba mwaka ujao zitakuwa siku 217 kamili.

MamaKioski (Homa Bay)

Naomba niongeze neno la mtu anayeuza maji. Mimi si mtaalamu wa hesabu, lakini ninajua kwamba mteja hahisi siku 43 zote kwa uzito mmoja. Tangi letu hutosha siku moja na nusu, kwa hiyo pampu ikikwama Jumanne na kurudi Jumatano asubuhi, hakuna anayejua. Zinazotuumiza ni zile zinazofuatana, kwa sababu siku ya tatu akina mama huanza kuchota ziwani moja kwa moja, na watoto huanza kuugua tumbo. Katibu, hesabu na hizo: ni mara ngapi maji yalikatika kwa zaidi ya siku mbili mfululizo? Nadhani utakuta ni zile mara tatu za pampu, si za stima wala za chujio. Ikiwa ndivyo, vipuri vya kabatini vina thamani kubwa kuliko hata Mwalimu alivyosema.

KatibuWaMaji (Kisumu)

Mama, umesema kweli. Nimehesabu sasa hivi: mara zilizozidi siku mbili ni nne, tatu za pampu na moja ya bomba lililopasuka. Stima haikuwahi kukosekana zaidi ya siku mbili mfululizo.

Nitapeleka kwa kamati pendekezo la kuweka kwanza kifaa cha kulinda mota na vipuri, kisha kizimba cha waya cha kuzuia gugumaji mbele ya chujio, na pampu ya pili isubiri. Nina swali moja la mwisho kwa Fundi. Mwanakandarasi anasema kifaa hicho kinaweza kuiwasha mota chenyewe fezi ikirudi. Mhudumu wetu analala nyumbani usiku. Je, tukubali?

FundiWaStima (Kakamega)

Kubali kwa sharti mbili. Kwanza, kiwekewe kuchelewa kwa dakika kadhaa, kwa sababu fezi ikirudi huku kwetu huja na kuondoka mara mbili tatu kabla ya kutulia, na mota inayowashwa na kuzimwa mfululizo huchoka koili haraka kuliko ile inayofanya kazi mchana kutwa. Pili, kifaa kikizima kwa sababu ya mota kuvuta mkondo mwingi, wala si kwa fezi kukosekana, kisijiwashe kamwe. Hapo lazima mhudumu aje mwenyewe, aguse mota kwa kiganja kuona joto lake, azungushe shafti kwa mkono kuona kama imekwama, ndipo abonyeze kitufe. Mwambie aandike katika daftari kila mara kifaa kinapozima, saa na sababu, hata kama maji hayakukatika. Baada ya msimu mmoja wa mvua utaweza kuiona ile 0.04 ya Mwalimu imebaki ngapi.